Maneno ya Upepo: Safari ya Siku Moja kwa Tanga kutoka Nungwi hadi Mkoani

Mtu afunguaye kamusi ya Kiswahili kutafuta maana ya neno joshi hupata jibu fupi: upande wa chombo unaoelekea upepo. Akitafuta demani huambiwa kwamba ni kamba ya tanga, tena kwamba ni upande ule usiopata upepo, tena kwamba ni majira ya mwaka. Akitafuta goshi huelekea kurudishwa karibu na pale alipoanzia. Maelezo hayo si ya uwongo. Tangu kitabu cha Edward Steere cha mwaka 1870, kupitia kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, hadi kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na ile ya Sacleux iliyoanza kutoka mwaka huohuo, watunga kamusi wamefanya bidii kubwa kuyahifadhi maneno ya bahari. Walakini msomaji ambaye hajapata kupanda chombo cha tanga huifunga kamusi akiwa na maneno matatu mkononi asiyoweza kuyatenganisha.

Kosa si la watunga kamusi peke yao. Maneno haya hayataji vitu vilivyosimama mahali pamoja, kama vile mlingoti utajwavyo na mkuku utajwavyo. Yanataja uhusiano wa mambo matatu, yaani upepo, tanga, na njia ishikwayo na chombo. Kimoja kikibadilika, neno huhama. Upande uliokuwa wa joshi saa tatu waweza kuwa wa demani saa nne, na chombo ni kilekile, na baharia hajaondoka mahali pake. Kwa sababu hiyo orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti haiwezi kuyafafanua vema. Yafafanuliwa na safari, kwa kufuata utaratibu wake tangu kung'oa nanga hadi kuitia tena.

Safari inayofaa kwa kazi hiyo ni ile ya kutoka Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, hadi Mkoani katika kisiwa cha Pemba. Umbali wake ni kiasi cha maili 30 za bahari, nazo ni kama kilomita 55. Chombo kiendacho maili tano kwa saa hupata kuvuka mchana mmoja, tena bila ya kuharakishwa. Njia yenyewe huelekea kaskazini-mashariki karibu sawasawa. Katika dira ya mabaharia wa Kiarabu, ambayo pembe zake 32 zilipewa majina kwa mahali nyota zinapochomoza na zinapokuchwa, huko ndiko inakochomoza nyota Ayyuq. Sababu ya pili ni ya lugha. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, kwa uamuzi wa mwaka 1928 uliopata kamati yake mwaka 1930, lakini wajuzi wa bahari ya kaskazini ni wasemaji wa Kitumbatu na wa Kipemba. Mji uliyapokea maneno ya bahari kama ulivyopokea samaki, yaani baada ya wengine kuyavua.

Chombo chenyewe, katika maelezo haya, hakitakuwa jahazi bali boti ya matembezi: mlingoti mmoja mrefu, tanga kuu nyuma ya mlingoti na tanga dogo la omo mbele yake, pamoja na injini ndogo iliyofichwa chini ya sitaha. Boti za namna hii zaonekana kila mwaka katika bahari hii, zikitembezwa na wenyewe au zikichukua wageni. Msomaji aweza kushangaa kwa nini lichaguliwe chombo cha kigeni kueleza maneno ya kienyeji. Jibu ni kwamba hicho ndicho kipimo. Neno likiweza kuvaa tanga la sura nyingine na likabaki na maana yake, basi hilo ni neno la upepo. Lisipoweza, lilikuwa neno la jahazi tu. Majahazi yenyewe, ambayo mengi yametiwa injini, siku hizi hayalazimiki kuyatamka maneno haya kila saa kama yalivyolazimika zamani.

Na iwe ni mwezi wa Agosti, kusi ikivuma. Safari huanza kabla ya jua kupanda, wakati umande ungali ukitoka nchi kavu. Umande kwa watu wa bara ni unyevu ulio juu ya majani. Kwa mabaharia ni pia upepo mwembamba wa asubuhi utokao upande wa nchi, nao ndio unaokisukuma chombo nje ya bandari bila ya fujo. Ukitaka kujua jinsi maana mbili zilivyokutana katika neno moja, simama ufukweni Nungwi saa kumi na moja na nusu alfajiri: baridi ya umande wa kwanza huja na umande wa pili, na hakuna aliye na haja ya kuitenganisha.

Nanga yang'olewa. Neno nanga ni la asili ya Kiajemi, langar, nalo katika matumizi ya zamani lilikuwa hasa la nanga ya makucha manne. Ile ya Kizungu yenye mikono miwili iliitwa baura. Tofauti hiyo imekwisha kufa, na boti ya matembezi, ambayo nanga yake haifanani na yoyote kati ya hizo mbili, hutia na kung'oa nanga tu. Kisha tanga latwekwa. Kitendo cha kutweka katika jahazi ni kazi ya watu wengi: huinuliwa foromali, yaani ule mti mrefu wa mshazari uliofungwa tanga, kwa kamba nene iitwayo henza, nayo henza huvutwa kwa kamba nyingine iitwayo jarari ipitayo katika kapi. Wavutaji huimba ili mikono yao ishuke pamoja. Katika boti tanga hupanda juu ya mlingoti lenyewe, bila foromali, kwa kamba moja na winchi moja, na mtu mmoja aweza kulimaliza huku akizungumza. Hapa basi pana tofauti ya kwanza: tweka na tua yamevuka bila taabu kutoka chombo kimoja hadi kingine, lakini foromali, henza na jarari yameachwa ufukweni. Wala si ajabu. Tweka ni kitenzi, nacho hutaja kazi. Majina yale matatu hutaja vifaa, na kifaa kisipokuwapo jina halina pa kukaa.

Boti inapoiacha Ras Nungwi na mnara wake wa taa, bahari hubadilika ghafula. Upande wa magharibi wa Unguja maji si marefu, na kisiwa chenyewe kimekaa juu ya kina kimoja na bara. Lakini Pemba imetengwa na bara kwa mlango wenye kilindi cha mamia ya mita. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hupita hapa ukielekea kaskazini, na wakati wa kusi huongezewa nguvu na upepo, hata huweza kukichukua chombo maili kadhaa kwa saa. Mahali mkondo unapokutana na ncha ya kisiwa, na mawimbi ya bahari kuu yakija kwa ubavu, maji huinuka bila mpango. Watu wa visiwani huuogopa mkondo wa Nungwi kwa haki. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya abiria MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika eneo hilo, na mamia ya watu wakafa. Tangu siku hiyo jina la mkondo huo limejulikana hata na watu ambao hawakuwa na habari kwamba maji ya bahari hutembea.

Hapa ndipo chombo kinapokwenda mrama. Usemi huo leo ni wa kila mtu: biashara huenda mrama, ndoa huenda mrama, mkutano huenda mrama. Asili yake ni chombo kinachoyumba, kikiinuka na kuinama na kulala ubavu huu na ule. Kwa baharia mrama si maangamizi. Chombo kinachokwenda mrama kingali kinakwenda, na baharia huongeza uangalifu, hafi moyo. Msemaji wa mjini ametia katika neno hilo hofu ya abiria kuliko ujuzi wa nahodha, na kamusi za sasa zimemfuata yeye. Pengine ni haki, kwa kuwa abiria siku zote ni wengi kuliko mabaharia.

Baada ya kiasi cha saa moja mkondo mkali hubaki nyuma na mawimbi hujipanga. Ardhi ya Unguja huwa mstari mwembamba, na Pemba, ambayo ni kisiwa cha vilima lakini vilima vifupi, haijaonekana bado. Sasa kusi yavuma kutoka kusini-mashariki na boti yaenda kaskazini-mashariki: upepo waingia ubavuni, katikati, wala hautoki omo wala hautoki tezi. Hali hii iliitwa matanga kati, nayo ni mwendo mzuri kuliko yote, kwa chombo cha kienyeji na cha kigeni pia. Tanga halikusanywi mno wala haliachiliwi mno. Katika saa tatu au nne zijazo kazi ya mikono huwa ndogo, na huu ndio wakati wa kuyatazama yale maneno matatu.

Mkabala wa mtazamaji uelekee omo, yaani mbele ya chombo. Upepo wapiga shavu lake la kulia. Upande wa kulia basi ni wa joshi. Ule wa kushoto, ambako tanga limevimba na boti imeinamia kidogo, ni wa demani. Lakini demani si upande tu. Kwanza ni ile kamba iliyofungwa kwenye pembe ya nyuma ya tanga, ambayo huvutwa ili tanga likazwe au hulegezwa ili lifunguke. Neno hili hulinganishwa na neno la Kiajemi daman, yaani upindo wa vazi. Na kweli pembe ya nyuma ya tanga huburuta na kupepea kama upindo usipozuiliwa. Kwa kuwa upepo hulisukuma tanga na upindo wake kuelekea upande ule usiopata upepo, upande huo nao ukachukua jina la kamba. Ndiyo maana nahodha akisema “legeza demani” ataja kamba, na akisema “tazama demani” ataja bahari ya upande ule, wala hakuna baharia atakayekosea. Maana ya tatu, ile ya majira, ni ya mwishoni mwa kusi, pepo zinapopungua nguvu na bahari kuwa laini. Uhusiano wa majira hayo na kamba haukubaliki kwa urahisi, na huenda ni maneno mawili yaliyofanana tu. Kuyaweka chini ya kichwa kimoja katika kamusi ni desturi kuliko ushahidi.

Goshi kwa upande wake ni pembe ya mbele ya tanga, ya chini, pamoja na kamba inayoifunga pembe hiyo karibu na omo. Katika jahazi tanga lina pembe nne, na ule ukingo wa mbele ni mfupi sana, hata mgeni hudhani kwamba tanga lina pembe tatu. Goshi ndiyo pembe ya chini ya ukingo huo mfupi. Nayo siku zote huvutwa kuelekea upepo unakotoka. Kwa hiyo “upande wa goshini” umekuwa na maana ya upande wa upepo, kama vile “upande wa demani” ulivyokuwa na maana ya kinyume chake. Sasa picha imekamilika: pembe mbili za chini za tanga moja, ya mbele na ya nyuma, kamba zake mbili, na pande mbili za bahari zilizopewa majina ya kamba hizo. Joshi halimo katika jozi hiyo kama kifaa. Latumika kwa mwelekeo wenyewe, na ndiyo maana hupatikana katika semi za mwendo, kama kwenda joshi, yaani kukielekeza chombo karibu na upepo kadiri tanga linavyovumilia. Mtu akilinganisha goshi na joshi kwa masikio tu atashawishika kusema kwamba ni neno moja lenye matamshi mawili. Yawezekana asili yao ikawa moja. Lakini katika kazi ya chombo yamegawana wajibu, na mtunga kamusi anayeyaunganisha huyafanyia jeuri.

Na boti ya matembezi je? Tanga lake la omo lina pembe ya mbele iliyofungwa sitahani, nayo ni goshi bila ubishi. Lina kamba mbili za nyuma, moja kila upande, na ile inayofanya kazi ni demani. Tanga kuu nalo lina kamba yake, lakini kamba hiyo imefungwa kwenye mti wa chini ya tanga, ambao jahazi halina mfano wake na kwa hiyo Kiswahili cha jahazi hakikuwa na haja ya kuutaja. Mabaharia wa pwani wafanyao kazi katika boti hizi huusemea kwa Kiingereza, au huuonyesha kwa mkono na kupiga kelele mtu ainamishe kichwa. Basi hesabu ni hii: maneno ya pembe, kamba na pande yamefaa yote, neno lililokosekana ni la mti.

Ingefaa pia kuuliza safari hii ingekuwaje katika Januari. Upepo wa kaskazi hutoka takriban kaskazini-mashariki, yaani Mkoani kwenyewe. Upepo wa matanga kati huwa upepo wa omo, na safari huwa ya mbisho. Kitenzi kubisha chahitaji kusimamiwa kidogo, kwa kuwa kina maana ambazo wengi huziona kuwa mbali mbali: kubisha hodi, kubisha neno la mtu, na kubisha kwa chombo dhidi ya upepo. Katika zote tatu mna kitu kinachogonga kingine kinachokizuia, na si kugonga mara moja bali tena na tena. Mwenye kubisha hodi hakivunji mlango. Hali kadhalika chombo kinachobisha hakiendi moja kwa moja kwenye upepo, maana hakuna tanga liwezalo. Huenda mshazari upande mmoja, kisha hugeuka na kwenda mshazari upande wa pili, na kila mara hupata kitu kidogo. Boti ya matembezi yaweza kushika njia kiasi cha nyuzi 45 kutoka upepo. Kwa hesabu ya pembe, maili 30 huwa zaidi ya 42, na mkondo, ambao wakati wa kaskazi ni dhaifu, husaidia kidogo tu. Jahazi haliwezi kuukaribia upepo kiasi hicho, na kwa hiyo njia yake huwa ndefu zaidi. Si siku moja tena. Nahodha mwenye busara alingojea.

Tofauti kubwa zaidi hujitokeza wakati wa kugeuka. Semi za zamani ni mbili: kupindua kwa goshini na kupindua kwa damalini, neno hili la mwisho likielekea kuwa sura nyingine ya demani. Kupindua kwa goshini ni kuipitisha omo katikati ya upepo, kutoka ubavu hadi ubavu. Kupindua kwa damalini ni kuzunguka kwa nyuma, tezi ndiyo ikaupita upepo. Kwa boti namna ya kwanza ni jambo la dakika moja: usukani hugeuzwa, demani ya upande mmoja huachiwa, ya upande wa pili huvutwa. Kwa jahazi hilo ni gumu na la hatari, kwa sababu foromali na tanga hukaa upande mmoja wa mlingoti, na upepo ukija kwa mbele hulikandamiza tanga juu ya mlingoti na kukisukuma chombo kinyumenyume. Kwa hiyo jahazi aghalabu hupinduliwa kwa damalini: demani huachiwa, tanga hupepea mbele kama bendera, foromali husimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti, goshi huhamishwa, na kila mtu chomboni hukimbia. Mahali palipokuwa pa joshi pamekuwa pa demani. Ajuaye kazi hii haoni ajabu kwamba lugha ilitenga semi mbili kwa vitendo ambavyo mtazamaji wa ufukweni angeviita kwa neno moja tu, kugeuka. Kamusi nyingi za sasa zina kugeuka na zimezisahau semi hizo, na ni vigumu kuziona kuwa zimepata faida.

Turudi Agosti. Yapata saa saba Pemba imesimama mbele, kijani nzito, na visiwa vidogo vya kusini-magharibi vyaanza kujitenga na kisiwa kikubwa. Kisiwa Panza chabaki upande wa kulia, na Makoongwe chakinga bandari ya Mkoani. Upepo bado waja upande wa joshi lakini mawimbi yamekatwa na ardhi. Hapa upepo huacha kuwa jambo kubwa, na maji huchukua nafasi yake.

Mabaharia walipima kina kwa bildi, kipande cha risasi mwishoni mwa kamba, na kuhesabu kwa pima. Boti ina chombo cha umeme kinachoonyesha tarakimu, lakini kinaonyesha maji yaliyo chini ya chombo, si yale ya mbele, na mwamba huwa mbele. Kwa hiyo mtu mmoja bado hupelekwa omo kutazama rangi. Buluu nzito ni kilindi. Kijani kilichopauka ni mchanga. Hudhurungi ni mwamba au majani ya bahari, na hapana budi kudhani kwamba ni mwamba. Rangi hizi huonekana vema jua likiwa juu au nyuma ya mtazamaji. Aingiaye Mkoani kutoka magharibi alasiri jua humwia mgongoni. Ajaye mapema mno, mwezi wa Agosti, hulikuta bado likiegemea kaskazini mbele yake na maji yaking'aa kama bati. Hivyo kufika saa tisa ni bora kuliko kufika saa sita, jambo ambalo mgeni huliona kuwa uvivu.

Saa hiyo hupatana pia na maji, ikiwa siku ni ya bamvua. Bamvua ni maji makubwa yajayo mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, na kinyume chake ni maji mafu. Katika visiwa hivi tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia karibu mita nne, na siku hizo maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Chombo kinachoingia saa tisa huingia kwa maji yanayojaa. Kikigusa fungu la mchanga, maji yaleyale yatakiinua. Baharia basi huhesabu siku za mwezi kwa sababu ya maji. Kwa sababu ya pepo alihesabu siku za jua, akianzia Nairuzi na kuzigawa kwa makumi. Kila kumi liliitwa mwongo. Leo muongo ni miaka kumi katika hotuba na magazeti, na siku kumi za nahodha zimefutika. Neno limekuzwa mara mia tatu na zaidi, na hakuna aliyesikia likikua.

Hatima ya mwongo ni hatima ya maneno mengi ya safari hii. Rubani, aliyekiongoza chombo kati ya miamba, sasa huendesha ndege. Usukani umo ndani ya gari. Abiria hupanda basi. Dira imekuwa mpango wa taifa: Tanzania ilikuwa na Dira ya Maendeleo ya 2025 na imetunga nyingine ya 2050. Maneno haya yameokoka kwa kuhamia nchi kavu, na hapana sababu ya kuyalilia. Yaliyo hatarini ni yale yasiyoweza kuhama kwa kuwa hayana maana pasipo upepo: goshi, joshi, demani, matanga kati, kupindua kwa damalini. Hata tezi, ambayo ni sehemu ya nyuma ya chombo, kwa msomaji wa sasa ni kiungo cha mwili kijulikanacho na madaktari. Wanafunzi hufundishwa methali isemayo kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na huijibu vizuri katika mtihani, wakisema kwamba mtu hurejea asili yake. Wachache huambiwa kwamba ngama ni pale chini kabisa chomboni ambako maji yavujayo hukusanyika, na kwamba apitaye mbele na nyuma hana budi kurejea hapo na upo mkononi ili kuyatoa, ama chombo kitazama. Methali hiyo ina kazi ndani yake. Fasiri ya darasani imeiondoa kazi na kubakiza nasaba.

A. H. J. Prins, katika kitabu chake cha mwaka 1965 juu ya ubaharia wa Lamu, alionyesha faida ya kuyaandika maneno haya pamoja na kazi zake. Kwa Pemba na Tumbatu kazi ya namna hiyo yahitaji kufanywa kwa kina kilekile, na njia yake si kumwita mzee barazani na kumsomea orodha. Mzee aulizwaye barazani “joshi ni upande gani?” hujibu kwa swali: upepo watoka wapi? Huo si ukaidi. Ndilo jibu sahihi, na fasili yoyote ya kamusi isiyoanza na swali hilo itakuwa na kasoro. Joshi liandikwe hivi, kwa mfano: upande wa chombo unaopigwa na upepo katika njia kinayoishika wakati huo, nao hubadilika chombo kinapopinduliwa, kisha zifuate semi zake, kila moja na kitendo chake, na rejeo kwa goshi na kwa demani.

Mkoani, karibu na saa tisa na nusu, boti huzunguka taratibu hata omo ikaelekea upepo, tanga hupoteza nguvu na kupiga makofi, nalo hutuliwa. Kitenzi tua ni kilekile cha mchukuzi aliyefika na cha jua linalokuchwa. Nanga hutiwa, mnyororo hunyoshwa, na chombo hulala kikiutazama upepo. Sasa hakina joshi wala demani. Pande zake mbili zimekuwa sawa. Maji yakianza kupwa kwa nguvu kuliko upepo uvumavyo, boti itageuka yenyewe na kulala kwa maji badala ya kulala kwa upepo, na aliye usingizini atalijua hilo kwa jua la jioni kuingia kwa dirisha jingine.